Bangili kwenye Kopo la Kakao

Majengo, Nyeri
Jumanne, 14 Aprili 2020
Asubuhi mvua nyepesi, ukungu mpaka madirishani, mlima hauonekani.

Mdogo wangu Kibibi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Yasin. Sisi hapa hatujambo. Presha ya Mama imetulia, anameza dawa bila kukumbushwa. Tangu Baba azikwe mwezi wa pili hajavuka mlango wa mbele. Eda yake anaikaa kama alivyofanya kila kitu maishani, kimya kimya na bila kupunguza. Bangili zake bado ziko kwenye lile kopo la kakao juu ya kabati, pale alipoziweka siku ile. Mimi sina sare za shule za kushona, kwa hiyo nashona barakoa. Paka wa Baba amezaa chini ya kitanda.

Utashangaa kupata barua wakati simu iko. Sababu ni mwanao Hanan. Nyumba yetu unaijua ukubwa wake. Nikiongea nawe anasikia, na nikitoka nje na simu ananifuata na kunishika gauni akingoja zamu yake. Yako mambo ya mtoto yasiyofaa kusemwa huku mtoto ameshika gauni lako. Kusoma bado hajui. Gatimu wa geti la buluu ana kibali cha kupeleka kabichi Nairobi, anavuka kizuizi cha polisi mara mbili kwa wiki, na amekubali kubeba bahasha. Ukiipata, ianike juani kabla ya kuifungua. Nami nitazianika zako kwenye kamba ya nguo.

Jambo lenyewe ni hili. Ulipomwacha Hanan hapa baada ya hitima ya Baba, ukasema amliwaze nyanya yake mpaka likizo ya Aprili, mimi nilimpa kazi ili asizurure. Nilimpa mlango. Mwanamume yeyote akibisha hodi, Hanan ndiye anayefungua nusu na kumwambia, "Nyanya yuko eda. Sema hapo hapo." Ana miaka mitano na nusu, lakini Wambugu anayetuletea maziwa kutoka Tetu anasema anamwogopa kuliko askari wa kafyu.

Halafu shule zikafungwa. Watu wakaanza kusemea mlangoni, kufunika nyuso, kukataa mikono. Msikiti ukafungwa, kanisa likafungwa. Hanan ameyatazama yote hayo na kuyapa maana yake mwenyewe. Jumamosi, Monicah wa chumba cha pili, mama yake Muriithi, alikuja kuazima ungo. Alikuwa na barakoa na akasimama mbali. Hanan akamuuliza kwa adabu kabisa, "Mama Muriithi, nani wako amekufa?"

Monicah akashtuka. "Ati nini? Kwangu hakuna mtu amekufa. Unaniombea kifo, wewe katoto?"

"Sasa mbona uko eda?"

Nilicheka mpaka Mama akaniita kutoka ndani kuuliza kuna nini. Lakini jioni redio ilipokariri kwamba hakuna wa kuingia Nairobi wala kutoka, Hanan aliacha kula. Akaniuliza, "Mama mkubwa, Nairobi nzima imefiwa na nani?" Hapo sikucheka.

Anataka kujua utakuja lini. Nimemwambia barabara zikifunguliwa. Kama kuna neno jingine la kumwambia, niandikie.

Uliniagiza nikutajie saa anayolala, kwa kuwa kwako hulala saa mbili. Jana alilala saa tatu na nusu.

Dada yako, Nadhira


Eastleigh, Nairobi
Jumapili, 26 Aprili 2020

Dada Nadhira,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema kwenu nyote. Barua yako niliianika kwenye roshani, jirani akaniuliza kama ni samaki. Mpe Mama salamu zangu nyingi. Mwambie nimefunga, na mwaka huu futari ni ya watu wawili tu, nakaanga kaimati kumi zinabaki sita.

Kibanda changu cha nguo kimefungwa. Yasin bado anaenda kule ghalani kupanga magunia ya mchele, kwa sababu watu lazima wale. Yeye ndiye aliyecheka zaidi. Nilipomsomea ile ya "nani wako amekufa" alilala chini kabisa, akasema mtoto huyu atakuwa kadhi wa kwanza mwanamke. Amemtumia Hanan pipi za nazi, ziko kwenye bahasha ya pili. Ana kikohozi kidogo, ni vumbi la magunia. Usimwambie Mama, ataanza kumtafutia tangawizi kutoka huko huko.

Lakini dada, mfundishe vizuri hilo la eda. Asiulize watu hivyo. Wengine hawatacheka. Mwambie eda ni nini na si nini, wewe unajua kueleza vitu vikakaa kichwani. Sare yangu ya darasa la kwanza ulinionyesha kuikunja mara moja, mpaka leo nakunja hivyo.

Mwambie mvua zikiisha tunakuja kumchukua, mimi na baba yake. Baba yake anasema atambeba mabegani kutoka stendi mpaka Majengo, na nyanya yake akiwa ametoka eda atambeba yeye pia. Usimsomee Mama sentensi hiyo.

Saa tatu na nusu ni usiku sana kwa mtoto. Mkune mgongo, hulala.

Kibibi


Majengo, Nyeri
Jumanne, 26 Mei 2020
Asubuhi jua dogo baada ya mvua ya usiku, barabara ya sokoni imejaa matope.

Mdogo wangu Kibibi,

Assalaam aleikum. Idi imepita, Mungu azikubali funga zetu. Mama alikula tambi kidogo. Tuliswali nyumbani, wanawake watatu nikimhesabu Hanan, aliyesimama mbele yetu akidai yeye ndiye imamu. Nilimrudisha nyuma.

Barua hii nimeiandika bila kujua itakufikia lini. Gatimu anasema mtaa wenu umezungushiwa polisi tangu mwanzo wa mwezi na lori lake haliruhusiwi kukaribia. Sikulaumu kwa barua. Nakulaumu kwa simu. Wiki tatu hizi nimepata ujumbe wa maneno mawili matatu: niko salama, nitapiga, msijali. Nikipiga, simu imezimwa. Mama anauliza kila baada ya alasiri. Namwambia umeme unasumbua.

Kuhusu eda, nilifanya ulivyoniagiza. Nilimketisha Hanan juu ya mkeka, nikamweleza polepole, nikamtaka arudie mpaka akashika: "Eda ni ya mke aliyefiwa na mume. Havai bangili, hapaki hina, hatoki nyumbani mpaka siku zake ziishe. Watu wengine ni corona tu." Sasa anaikariri kama namba za simu. Hata hivyo wiki iliyopita alimfunika Muriithi kwa leso, akamketisha kona ya uwanja na kumkataza kutoka. Muriithi naye, kwa kuwa anamtii, alikaa mpaka akasinzia. Monicah alipomkuta alipiga kelele. Aliniambia mbele ya wapangaji wote wa plot, "Hii mtoto yako inacheza na matanga kila siku. Kijana wangu si maiti. Mwambie acheze kitu ingine." Nimemwomba radhi. Watoto wamekatazwa kucheza pamoja kwa siku chache, na Hanan anakaa kizingitini akimtazama Muriithi aliye kwenye kizingiti chao.

Sasa niseme la siku ya Idi. Monicah moyo wake ulilainika, akatuazima simu yake kubwa tukuone. Sura yako ilipotokea Hanan aliruka. Ulisema Yasin ameenda kumwona ndugu yake Shee. Siku ya Idi, Kibibi, hakungoja hata amsalimu mwanawe? Hanan alikuonyesha mikono yake yenye hina, akakwambia nawe umwonyeshe yako. Ukaificha ndani ya buibui. Aliposisitiza ukainua mmoja, haukuwa na hina wala bangili. Tangu uvunje ungo sijakuona Idi bila hina.

Akakuuliza, "Mama, uko eda?"

Simu ikakatika. Monicah alisema ni bando limeisha. Nilimshika Hanan mabega, nikamwambia arudie sheria. Akarudia yote bila kukosea. Nikamuuliza, "Mama yako amefiwa na mume?" Akasema hapana. "Basi yuko eda?" Akasema hapana. Lakini aliniangalia kama mimi ndiye niliyekosea hesabu.

Piga simu, zungumza na mtoto. Na Yasin azungumze naye.

Jana alilala saa nne na robo.

Nadhira


Eastleigh, Nairobi
Jumanne, 9 Juni 2020

Dada,

Salaam aleikum. Mtaa umefunguliwa juzi, barua yako nimeipata jana. Poleni kwa simu, ilianguka majini, nimenunua nyingine. Nimefurahi kusikia Mama alikula tambi. Mwambie asikose dawa. Siku zake za eda zinaisha hivi karibuni, nakumbuka. Ningetaka niwe hapo kumvisha leso mpya.

Mimi ni mzima. Hapa kuna kelele tena, maduka yamefunguliwa nusu mlango.

Tafadhali usimpe tena Hanan simu ya kuonana. Ananiona, halafu nazima, halafu inakuwa vibaya kwake. Tuzungumze kwa sauti tu.

Nimempa Gatimu kifurushi kidogo. Ni bangili zangu, zile sita za kioo za kijani. Zinanibana mkono siku hizi. Hanan avae, zitamlegea lakini atakua. Mwambie ni zawadi ya Idi iliyochelewa.

Kibibi


Majengo, Nyeri
Jumapili, 21 Juni 2020
Asubuhi baridi kali, umande mweupe juu ya sukuma wiki, mlima umeonekana kidogo kisha ukafunikwa.

Mdogo wangu Kibibi,

Assalaam aleikum. Jana Mama ametoka eda, alhamdulillahi. Tulimchemshia maji tangu alfajiri. Alioga, nikamvisha leso mpya niliyoipinda mwenyewe, tukamwombea Baba. Monicah alileta chapati, akasimama mlangoni na kumpungia mkono. Mama akalia kidogo, kisha akaomba chai yenye tangawizi.

Hanan alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko sisi. Mama alipovuka kizingiti, Hanan alimpita mbio mpaka getini, akatazama barabara huku na huku. Watu walikuwa wanapita na barakoa zao kama juzi. Askari wawili walikuwa pale kwenye kona. Akarudi pole pole. Akamuuliza Mama, "Nyanya, wewe umetoka. Mbona wao hawatoki?" Pamoja na mafundisho yangu yote, moyoni alikuwa ameshikilia kwamba nyanya yake akitoka eda na dunia itatoka. Mama alimkumbatia. Alikuwa hajamkumbatia mtu nje ya nyumba tangu mwezi wa pili.

Sasa bangili zako. Zilipofika nilimpa Hanan, nikamwambia avae. Alizishika kwa mikono miwili, akazitazama, akakataa. Nikadhani anaogopa kuzivunja. Siku mbili baadaye sikuziona mkononi mwake wala chini ya mto wake wa kulalia. Jana, Mama alipotaka kuvaa bangili zake, nilimteremshia lile kopo la kakao. Ndani zilikuwamo za dhahabu za Mama, na juu yake zako sita za kijani, zimefungwa kwa uzi wangu wa cherehani.

Nikamuuliza Hanan nani amempa ruhusa ya kupanda kabatini. Akasema, "Zinakaa hapo mpaka Mama atoke."

Nilimkemea. Nikamwambia, mara ngapi nimekufundisha, Mama yako hajafiwa, bangili zimembana tu. Mama ndiye aliyenishangaza. Alitoa zake mbili, akazivaa, akafunika kopo na zako zikiwa ndani, akaniambia nilirudishe juu. Kisha akaniuliza mara ya mwisho Yasin ameongea na mtu wa nyumba hii ni lini. Nikasema yuko kazini sana. Hakuuliza tena, lakini chai yake ilipoa.

Kibibi, mimi ni mtu wa kuandika mambo kwa mpangilio. Nimeketi hapa na nimeyapanga, na sipendi yanavyojipanga. Sitaki kuandika ninachofikiri. Mwambie mume wako apige simu.

Alilala saa tano kasorobo.

Nadhira


Majengo, Nyeri
Ijumaa, 10 Julai 2020
Asubuhi ukungu na baridi, hakuna jua.

Kibibi,

Assalaam aleikum. Mama ni mzima.

Jumanne barabara za Nairobi zimefunguliwa. Redio imesema, Gatimu amesema, na mabasi yameshuka stendi yakiwa yamejaa. Jumanne Hanan alivaa gauni lake la Idi na sweta juu yake, akaketi getini. Jumatano vivyo hivyo. Jana kulikuwa na baridi ya kuuma, nikamwambia angoje ndani, akasema mtu wa mlango hangoji ndani. Muriithi alitoka akaketi naye, na mama yake hakumwita.

Leo hakwenda getini. Amevua gauni, amelikunja mwenyewe, amelirudisha sandukuni. Hajauliza kitu. Hilo ndilo limenifanya nikae chini kukuandikia.

Nilikuwa nakuambia kwa upole. Sasa nakuambia kama dada yako mkubwa. Kama umechoka na mtoto wako, sema. Kama ndoa imeharibika, sema. Kama ni jambo jingine, basi sema jambo hilo, kwa sababu Mama ameanza kuswali rakaa nyingi kuliko zilizopo na hataki kuniambia anamwombea nani.

Saa aliyolala sikuandikii. Njoo uione.

Nadhira


Eastleigh, Nairobi
Jumanne, 14 Julai 2020

Dada Nadhira,

Salaam aleikum. Natumai Mama ni mzima. Hii isome peke yako.

Yasin alikufa tarehe nne Mei.

Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Usiku mmoja alishindwa kulala chali, na asubuhi akafunga begi mwenyewe. Alikataa nimshike mkono kwenye ngazi. Alisema majirani wakiona anashikwa watajua ni mgonjwa na hawataniuzia hata nyanya. Alishuka polepole akijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Mimi nilibaki roshani. Chini barabarani aligeuka, akavuta barakoa mpaka kidevuni ili nimwone, akapunga mkono, akairudisha. Siku ya tatu mtu nisiyemjua alinipigia.

Sikumwosha, Nadhira. Sikumwona. Walimzika watu waliovaa nguo nyeupe mpaka vidoleni. Shee alisimama mbali na watu wawili, akainua simu yake ili nisikie. Nilisikia upepo na sepetu. Mtu mmoja akasoma dua haraka haraka. Ndiyo maziko hayo.

Jioni hiyo walikuja kunichukua, wakanifungia karantini katika bweni la shule, kitanda cha mtoto, dirisha la juu. Ndipo nilipokuwa nikikutumia yale maneno mawili matatu. Niliporudi, mlango wangu ulikuwa umepuliziwa dawa mpaka rangi imebanduka. Jirani, yule aliyeniuliza kuhusu samaki, huwavuta watoto wake kwa shati wasipite mbele yangu. Mmoja wao, rika la Hanan, huniita Corona. Hafanyi ubaya, anadhani ni jina langu.

Hapo ndipo nilipoamua. Nilimfikiria Hanan na Muriithi. Mkijua ninyi, plot itajua, na mwanangu atabaki peke yake uwanjani kama mimi nilivyobaki hapa. Na Mama alikuwa bado eda yake haijaisha. Ningempigia nimwambie nini, kwamba tumekuwa wawili? Na wewe, ningekuambiaje na yeye amekushika gauni?

Siku ya Idi aliponiuliza vile, ni mimi niliyekata simu. Si bando.

Nimekaa eda ndani ya nyumba aliyoniacha, na nitaikaa mpaka mwisho, mwezi wa tisa. Kumwosha nimekosa, kumzika nimekosa, hiki kimoja nitakifanya sawasawa. Shee huniwekea chakula mlangoni na kuondoka. Siji sasa, dada. Na nakuomba, usimwambie Hanan. Nikitoka nitakuja nimwambie mwenyewe, nikiwa nimemshika. Mpaka hapo endelea kumwambia ni barabara.

Nisamehe kwa zile bangili. Nilidhani mtoto ataona bangili tu.

Kibibi


Majengo, Nyeri
Jumapili, 19 Julai 2020
Asubuhi mvua ya manyunyu isiyo na sauti. Mlima haujaonekana wiki nzima.

Mdogo wangu Kibibi,

Assalaam aleikum. Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un. Mungu amrehemu Yasin, amnyanyue, akupe subira. Yale niliyokuandikia tarehe kumi, yachome. Mimi sikuwa na haki ya hata sentensi moja.

Mama ni mzima. Nilimwambia Jumatano baada ya isha, akiwa juu ya mswala. Akasema, "Nilijua kopo lilipofunguliwa." Kisha akaomba nimsaidie kuinuka. Nasema hivi usije ukadhani umemuua kwa habari. Ulichomfanyia kwa kunyamaza ni kumwacha abebe peke yake alichokwisha kukijua.

Ombi lako moja sikuliweza. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Jumatano Gatimu alikuja na barua yako. Hanan alifungua mlango nusu, akaipokea kwa ncha za vidole, akaianika mwenyewe kwenye kamba kwa vibanio viwili, akasimama chini yake mpaka jioni ili isichukuliwe na upepo. Nilipoifungua alikuwa ameketi mkabala nami akitazama uso wangu. Nilijitahidi kuuzuia uso, lakini mtoto aliyefanya kazi ya mlangoni tangu mwezi wa pili anajua kusoma nyuso hata kabla ya herufi.

Nilikunja karatasi. Akangoja mpaka nikaiweka mfukoni. Kila siku miezi yote hii amekuwa akiniuliza, "Mama atakuja lini?" Safari hii akauliza, "Mama amesema atatoka lini?"

Nilikuwa na lile neno la barabara mdomoni. Nilishindwa kulisema. Mimi ndiye niliyemketisha mkekani nikampa sheria yote, hatua kwa hatua, kisha kila aliponionyesha kwamba inakuhusu nikamwambia amekosea. Ningemwambia tena amekosea? Nikamwambia, "Mwezi wa tisa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei dukani. Baadaye akauliza, "Baba amewekwa kwenye udongo kama Babu?" Nikasema ndiyo. "Watu walikuwa wengi?" Nikasema walikuwa wachache, kwa sababu ya ugonjwa, lakini Ami Shee alikuwepo. Akauliza kama wewe ulilia. Nikamwambia sikuona, nadhani ulilia. Ndipo yeye akalia, bila sauti, akiuma ukosi wa sweta. Nilimkuna mgongo ulivyonifundisha. Hakulala.

Asubuhi Mama alitoka mwenyewe kumwambia Monicah. Sikutaka. Alisema mtu amekufa, majirani huambiwa, hiyo haikufungwa na serikali. Monicah aliposikia alimvuta Muriithi ndani, akafunga mlango. Nilisikia komeo. Nikajua ulichoogopa kimefika. Lakini baada ya muda mlango ulifunguliwa, akatoka na kigoda na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Akaweka kigoda mbele ya mlango wake, ng'ambo ya uwanja, akaketi akitutazama. Akasema kwa sauti ya kutufikia, "Nadhira, mimi sitakuja huko. Naogopa, sitakudanganya. Lakini matanga nakaa." Na alikaa, Kibibi, kwenye manyunyu, mpaka wakati wa kafyu. Kesho yake akakaa tena. Muriithi naye alikuja kusimama nyuma yake. Yeye na Hanan walitazamana kupitia uwanja, hakuna aliyecheza.

Hayo ndiyo matanga aliyopata Yasin hapa Nyeri. Ya Eastleigh sijui kama yalikuwepo.

Leo baada ya chakula cha jioni nilimlaza. Nilidhani ataniuliza kuhusu baba yake, maana siku hizi maswali huja taa ikizimwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Akasema gizani, "Mama mkubwa, nani anasimama mlangoni kwa Mama?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia kwamba Ami Shee huacha chakula na kwenda.

"Wanaume wakibisha hodi, nani anawaambia?"

"Hakuna, mwanangu."

"Na yule mtoto anayemwita Corona?"

Sijui alilijuaje hilo. Nadhani nilimsomea Mama kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani. Nikafikiri amesinzia. Kisha nikasikia anashuka kitandani, anapapasa chini, anavuta kitu. Nilipowasha taa alikuwa amevaa viatu vyake vya shule, vile vyeusi ambavyo havijavaliwa tangu mwezi wa pili. Vimeanza kumbana. Akarudi kitandani navyo, akajifunika.

Alhamisi tutakuja, inshallah, kwa gari la kwanza. Mama atabaki, Monicah ameahidi kumpikia na kuweka sufuria katikati ya uwanja. Mimi nitakaa nawe siku mbili kisha nirudi kwa Mama. Hanan atabaki kwako mpaka siku zako ziishe. Usishuke kutupokea, usitoke. Atapanda ngazi mwenyewe, na ukisikia hodi ya chini sana mlangoni, mfungulie, umwonyeshe pa kusimama. Bangili zako atakuja nazo kwenye kopo.

Sikumvua viatu. Alilala saa tano na dakika ishirini.

Nadhira